Namba Aliyoiandika Mke Wangu

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Mawingu mazito, upepo hakuna, barabara kavu.

Hivyo ndivyo mke wangu alivyoandika juu ya ukurasa, kwa mwandiko wake ulioinama kidogo upande wa kulia, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha. Ukurasa usio na tarehe, saa na hali ya hewa si ushahidi, ni umbea. Nilikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Niliingia katika maduka, maghala na mabucha, nikapima vipimo vya watu kwa vipimo vyangu vya shaba, nikatia lakiri palipostahili lakiri na kufunga mlango palipostahili kufungwa. Hakuna mfanyabiashara awezaye kusema kwamba nilikunywa hata soda yake. Msimamo huo niliutoa katika shule ya bweni, ambako kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, na kiranja ambaye hajatandika kitanda chake hakuwa na haki ya kumkemea mwenzake.

Nilipostaafu, barabara inayopita mbele ya zahanati yetu ilikuwa na kibao cha mwendo wa hamsini ambacho hakuna dereva aliyekisoma. Gari la mikate lilipobomoa ukuta wa zahanati, nilikusanya saini mia mbili na kumi, nikampelekea mkuu wa polisi wa barabarani. Alitukubalia jambo moja tu: sisi raia tusimame kando ya barabara na kipima mwendo cha kuazima, tuandike namba za magari, tumpelekee. Tusimsimamishe mtu wala kumtoza. Barua ya kwanza ingemkumbusha dereva, ya pili ingemwonya, na baada ya ya tatu askari angebisha hodi nyumbani kwake.

Tulikuwa watu kumi na wawili wenye vizibao vya manjano. Nilichaguliwa mwenyekiti, nikaandika kanuni kumi na moja. Mwanakikundi atakayepita pale kwa mwendo unaozidi hamsini arudishe kizibao chake siku hiyo hiyo: hiyo ilikuwa ya saba, na watu waliipigia makofi. Ya tisa ilisema kwamba atakayemwandikisha mtu kimakosa aende kwake kwa miguu, akiri kosa lake mbele ya wale waliosikia shutuma.

“Nani huyo atakayekosea?” mke wangu aliniuliza siku nilipokuwa nikiinakili.

“Si mimi,” nilimjibu.

Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa zamu zangu, Jumanne na Ijumaa. Tuliketi juu ya benchi moja chini ya kibao, mwenzetu fundi viatu amesimama kushoto kwetu kusoma namba za magari. Mimi nilipima na kutamka kwa sauti, fundi viatu akasoma, mke wangu akaandika na kutia sahihi. Hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Hakuwa na haja. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa hakupata kunihoji namba hata moja, na nakiri kwamba asubuhi zile mbili za juma, mimi nikitamka naye akiandika, ndizo zilizokuwa furaha kubwa ya kustaafu kwangu. Watoto wetu walikuwa wametawanyika. Nyumbani tulikuwa tukiongea habari za gesi na dawa za presha. Pale barabarani tulikuwa na kazi.

Kinyozi alijiunga nasi mwezi wa kwanza. Duka lake liko kwenye kona, hatua sitini kutoka kibaoni, nimezihesabu. Alikuja na sandali zake, akanitazama nilivyowapanga watu kwenye mstari, akasema:

“Kiranja, na mimi nipe kizibao nipendeze.”

Sikupata kuitwa hivyo tangu nilipovua sare ya shule, na yeye hakusoma shule yangu wala shule yoyote ya kulala. Aliotea tu. Baada ya wiki moja kikundi kizima kiliniita Kiranja. Baada ya mbili nikasikia kutoka jikoni kwangu mwenyewe: “Kiranja, chai.”

Alipangiwa Jumatatu na Alhamisi. Kipima mwendo hakukigusa. Alisema tochi hiyo inamfanya ajione jambazi. Alichokifanya ni kusimama mbele ya wenzake na lile shuka jeupe analowafunga wateja shingoni, na kila gari lilipotokeza alilikung’uta polepole, kama vile amekwisha kumnyoa mtu na sasa anamwita mwingine.

“Taratibu, baba, kichwa ni kimoja hicho!” aliwapigia kelele. “Mama, unakimbilia wapi? Saluni bado imefungwa!”

Madereva walipunguza mwendo, wakacheka, wakapiga honi. Dereva mmoja alisimama kabisa, akashuka, akaomba anyolewe.

Nilisema kwamba shuka halimo katika kanuni.

“Lakini wanapunguza,” mke wangu alisema.

“Wanapunguza kwa kumwona yeye. Kesho asipokuwepo?”

“Basi kesho awepo,” alisema, akacheka kicheko ambacho sikukifahamu, kifupi, cha puani, kicheko cha msichana aliyejificha dawati la nyuma.

Mwishoni mwa Februari aliniwekea mbele jedwali alilolichora kwa rula. Siku za Kinyozi, wastani wa mwendo ulikuwa arobaini na sita. Siku zangu, hamsini na saba.

“Nimekokotoa mara tatu,” alisema. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa nafuu angesema kwa ubaya.

Jedwali lilikwenda kituoni pamoja na ripoti, na mkuu wa polisi akaandika barua ya shukrani. Niliisoma nikiwa nimesimama. Alikishukuru “kikundi cha kinyozi.” Nilipitia mistari yote minane nikitafuta neno mwenyekiti, nikageuza karatasi nikatazama na nyuma.

Kisha mke wangu akaomba zamu ya Alhamisi. Kikosi cha Kinyozi, alisema, hakina mwandishi anayeandika tarakimu zikasomeka. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka. Nikawa nakaa nyumbani Alhamisi asubuhi, na kutoka barazani nilimsikia Kinyozi akipaza sauti mtaa mzima: “Shemeji, andika hiyo! Shemeji, huyo mwache, huyo anawahi maabara!” Shemeji! Mimi na yule mtu hatukuzaliwa tumbo moja wala hatukunyonya ziwa moja.

Alhamisi ya tarehe tisa Machi mke wangu alirudi nyumbani amepunguza nywele.

Miaka yote nimemjua na nywele za kubana kisogoni kwa vibanio vinne, ambavyo hulala juu ya kabati upande wake. Sasa zilikuwa fupi, zenye mvi, zimefuata umbo la kichwa, na shingo yake yote ilikuwa wazi.

“Unaonaje?” aliuliza, akageuka taratibu katikati ya sebule.

“Amekunyoa nani?”

“Nani mwingine? Kazi yake si kunyoa?”

“Amekutoza kiasi gani?”

“Amekataa. Kasema shemeji hatozwi.”

Nilikula chakula cha mchana kama mtu anayetafuna pamba. Nitasema kweli, kwa kuwa hadithi hii haina faida nyingine: alikuwa amependeza. Hilo ndilo lililonichoma. Shingo ile nimeishi nayo miaka thelathini na minane, na akahitajika mwanamume mwingine, mwenye sandali, kuona kwamba haikupaswa kufichwa.

Basi Jumanne ikafika, tarehe 14, mawingu mazito, upepo hakuna. Saa moja na dakika tano niliona pikipiki nyekundu ya Kinyozi ikitokea upande wa zahanati, yeye amekaa wima kama amekalia kiti cha duka lake, anakwenda kufungua. Nyuma yake, karibu mno, lilikuwa lori la maji.

Kanuni ya tatu inasema kwamba magari mawili yakiwa pamoja mbele ya kipima mwendo, mpimaji asitamke kitu. Nilifundisha mwenyewe sababu yake, kwa chaki, ubaoni: chombo hiki hushika kitu kikubwa zaidi, hata kama kiko nyuma. Nilikiinua. Kikaonyesha sitini na nne. Nililiona lori. Naandika hapa kwa herufi zilizo wazi: nililiona.

“Sitini na nne!” nilitamka.

Nikasikia kalamu ikipita juu ya karatasi.

“Namba ni…” fundi viatu alianza, kisha akaguna. “Ala! Huyu si Kinyozi?”

“Soma namba,” nilimwambia.

Akaisoma. Lori likaipita pikipiki mbele yetu kwa kishindo, na katikati ya vumbi lake Kinyozi akainua mkono.

“Kiranja! Shemeji! Kazi njema!”

Hapo mke wangu aliinua macho. Nilikuwa na pumzi mbili za kusema “futa hiyo,” na neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Lakini alikuwa akitabasamu, uso wote, akimpungia kalamu. Nikalimeza.

Jumamosi saa kumi alasiri tulikutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima kumi na wawili katika madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Nilisoma ripoti ya wiki kama ilivyo desturi. Nilipofika kwenye pikipiki nyekundu sikupunguza sauti wala kuiongeza.

“Sitini na nne?” Kinyozi aliuliza. “Pikipiki yangu hii hii? Kiranja, hiyo hata ukiitupa kutoka ghorofani haifiki sitini.”

Darasa zima likaangua kicheko.

“Namba haina utani,” nilisema.

Akamgeukia mke wangu. “Shemeji, uliandika wewe?”

“Niliandika mimi.”

“Na aliyepima ni mzee mwenyewe?”

“Ni yeye.”

Nilijiandaa kwa ubishi. Katika kazi yangu nimebishiwa na wauza sukari, wauza misumari na mchuuzi mmoja wa dhahabu, na wote niliwaweza. Kinyozi hakubisha. Alisimama, akavua kizibao, akakikunja kama anavyokunja shuka lake, bega juu ya bega, akakileta hadi mezani kwangu.

“Basi yamekwisha,” alisema. “Mtu huyu kapima nchi nzima hakumdhulumu mtu gramu moja, leo aje anidhulumu mimi? Akisema sitini na nne, ni sitini na nne. Labda upepo ulinisukuma.”

Watu walicheka tena, ila si sana. Nikamwona mke wangu akifungua daftari, akirudi nyuma kurasa chache, kidole chake kikatua juu ya mstari wa kwanza wa ukurasa. Kikakaa pale.

Tulirudi nyumbani. Alipika chai, akaimimina, akaketi mbele yangu na daftari kati ya vikombe viwili.

“Upepo haukuwepo,” alisema.

“Alitania.”

“Najua alitania. Na pale hakuna mteremko. Na pikipiki ile kila siku inapitwa na wauza mkaa wa baiskeli. Nimetia sahihi yangu hapa. Nataka kujua nimesaini nini.”

“Ulisaini namba iliyoonekana.”

“Baba.” Huniita hivyo anapokuwa hana mzaha hata chembe. “Miaka ishirini na sita nilifanya kazi ya kuunganisha simu, vyombo viwili masikioni. Macho sikuinua, lakini najua sauti ipi iko mbele na ipi iko nyuma. Kulikuwa na gari kubwa mgongoni mwake. Nilijisemea, kama lipo, ameliona, na kama ameliona, asingetamka. Nikaandika. Sasa nakuuliza. Uliliona?”

Ningeweza kusema hapana. Angeamini, au angejilazimisha kuamini, na kizibao cha Kinyozi kingebaki katika kabati langu, nami ningemaliza siku zangu nikiwa mtu asiyepata kukosea namba. Nilitazama kikombe. Niliwahi kumfungia duka mjane mmoja kwa kipande cha madini ya risasi kisichozidi ukucha, kilichogandishwa chini ya sahani ya mizani yake. Alilia. Nikafunga.

“Nililiona,” nilisema.

Alikisogeza kikombe chake pembeni.

“Kwa nini?”

“Alikunyoa.”

Mkono wake ulipanda hadi kisogoni. Nilitamani acheke; kicheko chake chochote, hata kile cha puani, ningekipokea kwa mikono miwili. Hakucheka.

“Nilimwomba mimi,” alisema. “Na kabla yake nilikuomba wewe. Mwezi wa kumi na moja nilikwambia nataka kupunguza nywele, unaonaje. Ukasema tutalitazama.”

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini ndivyo ninavyosema.

“Ulitaka anitazame nani?” aliuliza. Akafunga daftari. “Kanuni ya tisa uliiandika wewe.”

Jumatatu saa nne asubuhi nilivaa suti ya kustaafia, nikachukua kizibao na karatasi moja, nikaenda kwa miguu. Wanakikundi wote niliwapelekea habari. Tisa walifika, wakabanana mlangoni pa duka la kinyozi pamoja na wateja. Mke wangu alisimama nyuma kabisa, kwenye jua. Ndani mlinukia sabuni na poda. Mtu mmoja alikuwa kitini, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu.

“Karibu, Kiranja,” Kinyozi alisema. “Kuna foleni.”

“Sikuja kunyoa.”

Nikasoma. Niliandika mistari mitano tu. Kwamba tarehe 14 Machi nilitamka namba sitini na nne juu ya pikipiki yake hali nikijua kwamba ni ya lori la maji lililokuwa nyuma yake. Kwamba lori nililiona. Kwamba mwandishi aliandika kwa kuniamini na hana kosa lolote. Kwamba nilifanya hivyo kwa wivu. Kwamba kizibao ni chake na namrudishia. Nilisoma neno wivu kwa sauti ile ile niliyosomea mengine, kama tulivyofundishwa kusoma ubaoni: kichwa juu, mikono haitikisiki.

Wembe wa Kinyozi ulikuwa umesimama hewani.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Maana mteja wangu povu linamkaukia.”

Mtu mmoja mlangoni alicheka, akajizuia. Kinyozi alikichukua kizibao, akakitundika kwenye msumari kando ya kioo, akakinyoosha bega. Kisha akanigeukia, na safari hii uso wake haukuwa na utani.

“Kwangu umelipa, mzee. Umekuja kwa miguu, umesema mbele za watu, sikudai kitu.” Akatazama juu ya vichwa vya watu, kule kwenye jua. “Hilo jingine si la kinyozi.”

Ningependelea anitukane. Mtu akikutukana mnakuwa sawa. Huyu alinisamehe akiwa ameshika wembe, mbele ya mke wangu, kwa sentensi zilizonyooka kuliko zangu. Nilitoka pale nikiwa nimetimiza wajibu na nikimwonea wivu kuliko nilivyoingia.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Tarehe 21 Machi, aliandika, saa kumi na mbili na dakika arobaini, manyunyu, barabara imelowa. Fundi viatu alisalimia akatazama pembeni. Gari la kwanza lilikuwa teksi.

“Arobaini na nane,” nilitamka.

Sikusikia kalamu.

“Nionyeshe,” mke wangu alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamgeukia. Alikuwa amevaa miwani na mkono ameunyoosha. Nikakielekeza chombo upande wake, akainama kusoma, nywele zake fupi zikanigusa kidevu. Kisha akaandika arobaini na nane, akatia sahihi.

Yalipita magari thelathini na tisa asubuhi ile. Mara thelathini na tisa aliinama. Kwa miezi miwili nilikuwa nimetamani akae karibu nami namna ile.

Fundi viatu alipokwenda kununua sigara, nilisema yale niliyoyapanga tangu jana.

“Nitaacha uenyekiti. Uchukue wewe. Iwe malipo yangu kwako.”

“Sitaki.”

“Basi nisimame mbele ya watu, kama nilivyofanya kwake.”

“Umesimama tayari. Ukasema sina kosa. Nilikuwepo, nilisikia.” Alikuwa akifuta matone ya mvua kwenye jalada la daftari kwa kiganja. “Miaka thelathini na minane nilizipokea namba zako bila kutazama. Hilo ulilolichukua hulirudishi kwa kiti wala kwa barua. Leo silipokei.”

“Lini, basi?”

Gari dogo jeupe likatokea upande wa zahanati, taa zimewaka, maji yakiruka pembeni mwa matairi yake. Nikakiinua kipima mwendo.

“Hamsini na tisa,” nilisema.

“Nionyeshe.”

Nikamwonyesha.